Mama Aliyeshika Kalamu, Mama Aliyeandikwa

Mwaka 1856 uliwachukua mahasimu wawili kwa mpigo. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alifia baharini akirudi Unguja kutoka Maskati. Mwaka huohuo akafariki Bwana Mataka, sheikh wa Siyu katika kisiwa cha Pate, mtu aliyekataa katakata kumpigia magoti Seyyid. Zaidi ya mara moja majeshi ya Unguja yalishuka Siyu, na zaidi ya mara moja yalirudi yameshindwa.

Ukisoma habari za vita hivyo utakutana na majahazi, bunduki na ngome. Hutaambiwa kwamba kila upande ulikuwa na mwanamke ambaye maandishi yake yangekuja kuishi kuliko ngome. Bwana Mataka aliacha mjane, Mwana Kupona binti Mshamu. Seyyid Said aliacha binti wa miaka kumi na miwili, Salma, aliyezaliwa Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, mwaka 1844. Leo mtu anayemjua Mataka mara nyingi anamjua kwa sababu ya mkewe.

Kinachowaunganisha wanawake hawa si vita tu. Wote wawili waliandika wakiwa wagonjwa, wote waliwaandikia watoto wao, na wote walikuwa na hofu ileile: nitakufa kabla sijamwambia mwanangu.

Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858, miaka miwili baada ya kufiwa. Anaanza kwa kumwita binti yake, Mwana Hashima, asogee karibu na wino na karatasi, kwa kuwa maradhi yametimiza mwaka na moyoni ana maneno. Ni desturi ya watunzi wa tendi kuitisha wino na karatasi, lakini hapa desturi imekutana na mama mgonjwa na binti aliyeketi mbele yake, na si ajabu kalamu ilikuwa mkononi mwa binti mwenyewe. Miaka michache baadaye mama huyo akafariki. Wanawake wa Lamu na Pate waliukariri utendi wake, wakaunakili, wakaurithishana.

Watu wengi waliopita shuleni wanaukumbuka kwa sehemu moja tu, ile ya katikati inayoeleza jinsi ya kumtunza mume: umkande, umpepee, usimwamshe akilala, nyumba inukie udi, wewe mwenyewe ujipambe. Wanaharakati wameusema utendi huu kwamba ni mafunzo ya utumwa. Wazee wa upande wa pili wameusifu kwamba ndiyo adabu iliyopotea. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimeruka mwanzo na mwisho, palipo na mama mwenyewe: ugonjwa wake, ushuhuda wake kwamba mume alikufa akimpa radhi, na dua ndefu anazowaombea watoto na ndugu zake.

Hata hiyo sehemu ya katikati si nyepesi kama inavyosemwa. Kuna mahali mama anamwambia binti amwangalie mume kama mtoto mchanga ambaye bado hajajua kusema. Mume anayezungumziwa na mama huyu, katika maisha yake mwenyewe, ni yule sheikh aliyewatoa jasho majemadari wa Seyyid Said! Mwaka 1991 mtafiti wa Kimarekani, Ann Biersteker, aliandika kwamba utendi huu unaweza kusomwa kama maneno yenye ncha iliyofichwa, mama akimfundisha binti namna ya kuishi na wenye nguvu bila kuvunjwa nao. Si lazima ukubaliane naye kwa kila jambo. Lakini mwanamke yeyote aliyewahi kukaa barazani na bibi zake anajua sauti ile, ya mtu anayesema “ndiyo bwana” huku ufunguo wa ghala ameufunga kwenye pindo la kanga.

Sasa tumfuate Salma. Katika nyumba za watawala wa Unguja mabinti walifundishwa kusoma Kurani, ila kuandika hawakufundishwa. Salma alijifunza kwa siri kwa kunakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 kipindupindu kilimwondoa mama yake, Jilfidan, aliyekuwa mtu wa asili ya Sirkasia na aliyeletwa Unguja kama suria. Mwaka huo pia Barghash, ndugu yake Salma kwa baba, alikula njama ya kumpindua kaka yake, Seyyid Majid, aliyekuwa mtawala wa Unguja, na waliokula njama walipohitaji mtu wa kuwaandikia barua walimgeukia huyu msichana wa miaka kumi na mitano. Mfupa wa ngamia ulikuwa umezaa katibu wa uasi.

Mwaka 1866 alitoroka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Akaolewa, akaitwa Emily, akahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza. Watoto walijua kidogo sana juu ya mama yao zaidi ya kwamba ametoka Zanzibar. Afya ilipomlegea aliona hatafika siku ya kuwaketisha akawasimulia, ndipo akaanza kuandika. Kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886, zikasomwa Ulaya nzima kama hadithi ya binti mfalme wa Kiarabu. Lakini yeye hakuanza kwa kuwalenga wasomaji wa Ulaya. Alianza kwa kuwaandikia watoto watatu.

Basi maandishi mashuhuri mawili ya wanawake wa pwani yetu katika karne ya 19 ni wasia wa akina mama. Nalisisitiza hili kwa sababu ukifungua riwaya na tamthilia zilizofuata katika karne ya 20 utamwona mama kila mahali, ila kalamu haiko tena mkononi mwake.

Zamu ilimfikia kwanza baba. Shaaban Robert aliuchukua mtindo uleule wa wasia akawaandikia watoto wake tenzi mbili, Hati kwa binti na Adili kwa mwana wa kiume. Mkewe Amina alipofariki alimtungia shairi la maombolezo ambalo wanafunzi wa vizazi kadhaa wamelikariri. Tunamjua Amina kwa machozi ya mumewe. Alichowaambia watoto wake hatukijui.

Baada ya hapo wakaja mama wa mateso. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitupatia Rosa Mistika, na ndani yake Regina wa Namagondo, Ukerewe, mke wa mlevi Zakaria, mwanamke ambaye uvumilivu wake unachosha hata msomaji. Mwaka 1980 Said Ahmed Mohamed alitupatia Utengano, na ndani yake Bi Tamima, aliyefungiwa ndani na Bwana Maksuudi kiasi kwamba aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, kule kuitiwa mkunga bila idhini ya mume kuligeuka kosa la kupigwa na kuachwa. Hizi ni kazi nzito na sizibezi. Kezilahabi na Mohamed walikuwa wanamshitaki mwanamume, na mashitaka yalistahili. Lakini katika kesi hiyo mama aliitwa kama kielelezo. Alionyesha majeraha, akarudishwa benchi.

Halafu kuna Mama Ntilie wa Emmanuel Mbogo. Watoto wa Mama N’tilie ni kitabu ambacho maelfu ya wanafunzi wa Tanzania wamepita nacho kidato cha tatu na cha nne: mama anauza chakula Dar es Salaam, mume wake Mzee Lomolomo ni mlevi, watoto Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Maswali ya mtihani huuliza umaskini, ulevi, watoto wa mitaani. Sijawahi kuona swali linalouliza hesabu za Mama Ntilie mwenyewe. Yaani alinunua mchele kwa fedha ya nani, na kesho yake alinunua kwa fedha ipi?

Anayetaka jibu aende asubuhi kwenye kibanda chochote cha mama lishe karibu na stendi ya daladala. Kabla jua halijatoka, moto wa mkaa umeshashika na sufuria ya maharage iko jikoni tangu usiku. Makonda wanakunywa chai wamesimama. Chini ya meza, ndani ya mfuko wa plastiki lisiingie mafuta, kuna daftari la shule la mistari, jalada limekatika. Humo mna wateja, na si kwa majina ya vyeti: fundi viatu, kijana wa vocha, mzee wa mizani, dereva mrefu. Aliyelipa amekatwa kwa mstari mmoja. Asiyelipa amezungushiwa duara, na akizungushiwa duara la pili ajue kesho atapewa ugali bila nyama. Kurasa za nyuma ndiko uliko mchezo: majina ya akina mama wenzake wa upatu, nani kapokea wiki hii, nani zamu yake wiki ijayo. Katikati, peke yake, kuna ukurasa wenye jina la shule na tarehe za mihula.

Daftari hilo nalo ni kazi ya kuandika. Lina wahusika, lina mgogoro, na lina siri ambazo baba mwenye nyumba hazijui. Fasihi yetu imemwona mama lishe akipuliza moto na kufuta jasho, lakini kwa sehemu kubwa haijamwona akishika kalamu ya bic.

Kuna lawama nyingine ambayo akina mama hubebeshwa vitabuni, ya kunyamaza. Tamthilia ya Kilio Chetu, iliyotoka miaka ya 1990 wakati ukimwi ukifagia nyumba, ina mjadala mkali kati ya wazazi: watoto waambiwe habari za mwili na mapenzi, au wasiambiwe? Mama Suzi hataki kusikia. Kwake ni matusi. Baba Anna anamweleza mwanawe mapema. Suzi anapata mimba, na kila darasa linalosoma tamthilia hii linaishia kumnyooshea kidole Mama Suzi.

Nadhani tunamwonea, angalau kidogo. Katika jamii nyingi za pwani, kumweleza mwari habari za unyumba hakukuwa kazi ya mama aliyemzaa hata siku moja. Ilikuwa kazi ya somo, au kungwi. Kwingineko bara ni shangazi au bibi. Mama na binti yake walikuwa na haya kati yao, na haya hiyo ilikuwa na mahali pake kwa sababu mwingine alikuwapo wa kusema. Bi Kidude, yule mwimbaji wa Unguja aliyefariki Aprili 2013, alikuwa kungwi mashuhuri wa unyago. Hakujaliwa mtoto, lakini aliwafunda mabinti wa wenzake. Ndivyo mpango ulivyokuwa.

Sasa chukua familia hiyo uihamishie chumba cha kupanga Manzese, Dar es Salaam, au Kongowea, Mombasa. Somo amebaki kijijini. Shangazi anaonekana kwenye misiba. Bibi yuko kwenye simu, na mtandao ukiwa mbaya hayupo. Kazi ya watu wanne imemwangukia mama mmoja ambaye hakufundishwa lugha ya kuifanyia, na huyo ndiye tunayemtaka ageuke mwalimu wa afya ya uzazi usiku mmoja. Mama Suzi ananyamaza kwa sababu hata mama yake mwenyewe alinyamaza, tena bila kosa. Mwalimu anayefundisha Kilio Chetu angewauliza wanafunzi wake nyumbani kwao nani ameshika nafasi ya somo. Majibu yatamshangaza.

Ebrahim Hussein alikuwa ameuona ufa huo mapema. Katika Wakati Ukuta ugomvi wa binti anayeitwa Tatu na mama yake unawaka kwa jambo dogo, kwenda sinema. Mama anazungumza kwa sheria za nyumba aliyolelewa, binti anajibu kwa sheria za mji anaouona nje, na Hussein hamrahisishii yeyote kati yao. Tatu anaondoka na ndoa yake na Swai haidumu. Ni tamthilia fupi, lakini naipenda kwa sababu mama mle ndani anabishana. Anakosea, anafoka, ana hoja. Ni mtu.

Wapo pia akina mama walioingia katika fasihi kwa mlango wa nyuma, kupitia watoto waliowazaa. Mshairi Okot p’Bitek wa Gulu, Uganda, alizaliwa na mwimbaji. Mama yake, Lacwaa, alikuwa mtunzi na kiongozi wa ngoma, na mtu akisoma Wimbo wa Lawino, ambao Paul Sozigwa alitufasiria kwa Kiswahili, haihitaji darubini kuona mwana amejifunzia wapi ulimi ule. Ken Walibora naye, katika Siku Njema ya mwaka 1996, alimfanya mama wa mhusika wake mkuu, Kongowea Mswahili, kuwa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, Zainabu Makame. Mama anakufa, mtoto anafunga safari hadi Kitale kumtafuta baba. Kitabu kizima ni safari ya kumwendea baba, lakini ufasaha unaombeba njiani ni urithi wa mama.

Ngũgĩ wa Thiong’o, aliyefariki Mei 2025, alilisema deni lake wazi. Mama yake, Wanjiku, hakujua kusoma wala kuandika. Ndiye aliyemuuliza kama anataka kwenda shule, ndiye aliyetafuta ada kwa jasho la shamba, na mtoto alipoleta matokeo, hata yakiwa mazuri, alimuuliza kama hapo ndipo mwisho wa uwezo wake. Riwaya ya kwanza ya Ngũgĩ kuchapishwa, Weep Not, Child ya mwaka 1964, inafunguka kwa mama, Nyokabi, akimuuliza mwanawe Njoroge kama angependa kusoma. Miaka zaidi ya arobaini baadaye, katika kumbukumbu za utoto wake, tukamkuta Wanjiku mwenyewe na swali lilelile. Mwandishi alikuwa amemweka mama yake ukurasa wa kwanza kabla hajatuambia kwamba ni mama yake.

Hata hivyo, mama kupitia kwa mwana bado ni mama aliyeandikwa na mwingine. Ndiyo maana mwaka 1982 una uzito wake. Mwaka huo Penina Muhando alichapisha Nguzo Mama: wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, na nguzo inakataa kusimama. Huyu ana mume mlevi, yule anagombania urithi, mwingine ana lake, na kila wakikusanyika kuivuta, shida za nyumbani zinawatawanya. Ni tamthilia yenye hasira na kicheko, na haimbembelezi mwanamke. Muhando, tofauti na wenzake wengi wa kiume, hakutaka tumhurumie mama. Alitaka tumuulize mbona kamba ameiachia. Zainab Burhani alikuwa anaandika riwaya miaka hiyohiyo. Baadaye wanafunzi wa Kenya wakasoma kazi za Pauline Kea na Assumpta Matei darasani.

Bado ni wachache, na wengi wao ni wasomi wa chuo. Wasia wa mama wa kawaida, yule wa Siyu wa karne hii, unapotea kila siku kwa kuwa hakuna aliyeitishwa wino na karatasi. Tunazo rekodi za hotuba za wanasiasa tangu uhuru. Sauti ya bibi yako akieleza alivyovuka njaa hunayo. Msibani tunasoma wasifu wa marehemu wenye tarehe ya kuzaliwa, idadi ya watoto na wajukuu, na ugonjwa uliomuua. Mwanamke wa miaka themanini anatoshea nusu ukurasa, tena ulioandikwa usiku wa mkesha na mpwa mwenye mwandiko mzuri.

Kwa wanaotunga mitaala na wachapishaji wa vitabu vya shule nina ombi moja. Utendi wa Mwana Kupona usikatwe vipande. Chapisheni wote, tangu maradhi ya mwanzo hadi dua za mwisho, wasichana na wavulana waubishanie darasani wakiwa wameuona mzima.

Na wewe msomaji ambaye mama yako yu hai, simu uliyonayo ina kinasa sauti. Muulize ada ya kwanza ya shule yenu aliitoa wapi, nani alimfunda siku anaolewa, na lipi alitaka kukwambia akaona haya. Ukiandika majibu yake, weka na tarehe. Mwana Kupona aliweka ya kwake, mwaka wa Hijria 1275, na ndiyo maana leo tunajua utendi ule ulitungwa lini.